Fanta Niliyomnywea Mpangaji Wangu

Ninyi mliocheka wiki iliyopita nilipowasimulia nilivyonasa kwenye dirisha la mpangaji wangu Fiston, kiuno ndani, miguu nje, chekeni taratibu. Ya leo ni mabaya zaidi, na safari hii sina hata dirisha la kulilaumu.

Kwa anayenikuta leo, niseme kwa kifupi. Mimi ni Wema, mjane. Nimeuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, maisha yangu yote, na nimepanga nyumba za watu Kimanga, hapa Uvira, miaka thelathini na minane. Mwaka huu, kwa umri huu wa kuitwa Koko, yaani bibi mzee, hata na watu wenye mvi, nikapata nyumba yangu ya kwanza: vyumba vitano na portail, yaani geti, ya bati ya bluu, jirani kabisa na institut, chuo cha hapa. Nikasema chumba kimoja changu, vinne vya wanafunzi, na mimi nitakaa kwenye kiti nizeeke vizuri.

Kile kiti sijakikalia bado.

Mpangaji wangu Clovis alizimisha umeme wa avenue nzima kwa kutumia waya mtupu kuchemshia maharage. Fiston alipanga peke yake, akalaza ndugu wanne. Nikawatoa vijana wote, nikaweka wasichana.

"Wasichana hawana matata," nilimwambia jirani yangu Sofia, yule wa mandazi.

Sofia alicheka mpaka mandazi yakaungua.

Basi nikaandika règlement, sheria za nyumba. Nilisoma mpaka ya sita primaire, lakini règlement ile ingeandikwa na waziri. Numero tisa nzima, kwa bic nyekundu, nikaibandika ukutani salon. Numero nne ndiyo niliyoipenda kuliko zote: "Mgeni yeyote wa msichana atapita kwanza kwa Koko, atakaa, atasema anataka nini."

Aliyenisahihishia makosa ni Keza wa chumba cha tatu. Mtoto wa wakulima wa Sange, mwembamba, Mkatoliki wa misa ya saa kumi na mbili, akicheka anachekea puani. Yuko mwaka wa mwisho. Kwao hakuna aliyewahi kufika huko, si mjomba wala shangazi. Asubuhi anaosha vyombo huku anasema masomo yake kwa sauti, mpaka mimi mwenyewe nimejua sasa sababu saba za mmomonyoko wa udongo.

Nilimpenda. Hapo ndipo mdomo wangu ulipoanza kuniponza.

Kulikuwa na kijana anaitwa Gracien, mwanafunzi mwenzake, ambaye kila siku alikuja kuazima daftari. Daftari lilelile. Siku ya tatu akanikuta ninachambua ndagala.

"Koko, huyu Keza ni wa nani hapa?"

"Wa nani? Ni mujukuu wangu!"

"Mujukuu wa damu?"

"Wa damu kabisa. Na minye, kwa wajukuu wangu, siko na muchezo."

Gracien akaenda mbio. Nikajisifu mpaka jioni. Wema, we ni mwanamke wa akili, umefukuza kijana bila hata kuinua ufagio.

Jumapili iliyofuata Keza alikuwa ameenda Sange kumsalimia mama yake. Saa nane mchana nikasikia portail inagongwa kwa heshima. Kugonga kwa heshima hunifanya nivae kitenge kizuri, huo ni ugonjwa wangu.

Walikuwa watatu. Mbele mwanaume mnene mwenye fimbo, anaitwa Gaspard, sauti kama katekista. Nyuma yake Gracien, katika koti lililokuwa la mtu mwingine. Na wa mwisho mzee mmoja mwenye kofia, Marcellin, mpole, hakufungua mdomo hata kwa kikohozi. Mwenye moto, ile pikipiki ya kukodi, alikuwa anashusha kasie mbili zilizojaa chupa za Fanta.

"Hodi! Hapa ni kwa bibi ya Keza?"

Mtu mwenye akili angeuliza: bibi gani?

"Karibuni," nikasema. "Bibi njo mimi."

Nikawaketisha. Yule mzee wa kofia nikamhurumia, nikampa kile kiti changu. Gaspard akasimama, akaanza kuzunguka na maneno.

"Mama, sisi ni watu ya Plaine, upande wa Sange. Tuko na nyumba, lakini ndani iko giza. Tukasikia kama hapa kuko taa."

"Taa iko," nikasema, "ila imeenda Sange."

Wakacheka sana. Nikaona kumbe mimi ni mtu wa kuongea na wazee!

Msidhani sikujua. Nilijua ni posa. Lakini mimi ni mtoto wa Waislamu wa Uvira, na kwetu posa ina mwendo wake. Watu wanakuja, unawapokea, unakula walicholeta, unawaambia "tutawajibu." Jibu linaweza kuchelewa mwezi mzima. Kula ni adabu tu. Nikapanga kichwani: nitakunywa, nitawasifu, Keza akirudi nitamwambia, tutacheka wawili, kisha tutamtumia Gracien jibu tamu la kumkataa.

Gaspard akafungua chupa moja. Akanipa kwa mikono miwili. Wote watatu wakasimama.

Nikajiuliza: kwa nini wanasimama? Labda kwa sababu ya kitenge.

Fanta ilikuwa baridi, na jua la Uvira la saa nane mnalijua. Sikuonja. Nilikunywa yote, mpaka chini, na mwisho nikacheua.

Wakapiga makofi. Mzee Marcellin akavua kofia.

"Bon," nikasema, "tutawajibu."

"Mama," Gaspard akasema, macho yanang'aa, "umeshajibu."

Nikaona ni adabu ya Plaine. Walipoondoka nikagawa Fanta avenue nzima, Sofia akapata mbili. "Ni za nini?" watu wakauliza. "Za posa ya mujukuu wangu!" nikajibu kwa sauti kubwa, asije mtu akakosa kusikia.

Jumatatu Keza akarudi na mfuko wa viazi vitamu. Hata hakuutua.

"Koko, mbona watu wananipongeza barabarani?"

Nikamsimulia. Nilisimulia vizuri, na sauti ya Gaspard niliiga. Keza hakucheka.

"Koko, mulipopewa chupa, walisimama?"

"Walisimama."

"Mulionja ao mulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Yote?"

"Mutoto wangu, kulikuwa jua..."

Viazi vikaanguka.

"Kwetu, kama hautaki, haunywi," akasema polepole, kama anafundisha darasa la kwanza. "Unaacha chupa pale chini. Watu wanaiona, wanabeba vyao, wanaenda. Hakuna kelele. Mwenye kunywa amekubali. Na kama amemaliza yote..."

"Kama amemaliza yote?"

"Amekubali na furaha."

Sikumwambia nilicheua.

"Lakini Gracien ni kijana muzuri," nikajaribu.

"Koko, wiki tatu! Défense yangu, ile ya kutetea kazi ya mwisho mbele ya walimu, imebakia wiki tatu! Mwanamuke mwenye kutolewa analala kwa bwana, analima kwa bwana. Nani atamungojea bibi arusi amalize vitabu?" Akachekea puani kidogo, kisha kicheko kikageuka. "Watarudia siku gani?"

"Gaspard alisema Jumamosi. Alisema watakuja na... nilifikiri anachezea."

"Watakuja na nini?"

"Na ng'ombe."

Akapiga simu kwao. Mimi nikaenda jikoni nikaosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Alhamisi baba yake akafika na moto, vumbi mpaka kwenye nyusi. Anaitwa Sévère. Nilimngojea aje anipige, nikawa nimeficha hata mwiko. Kumbe ni mtu wa sauti ndogo. Akanawa, akakaa, akanisalimia, akaniuliza hali ya watoto wangu wote kwa majina, maana Keza alikuwa amemwambia majina yao. Hapo nikaona aibu kuliko kama angepiga.

"Mama, niambie tu vile ilipita. Waliokuja ni nani?"

"Mumoja munene, anaongea kama redio. Gracien mwenyewe. Na muzee wa kofia, mupole sana yule, baba Keza. Minye nilimupa kiti yangu."

Sévère akatazama chini.

"Gracien alisindikiza tu," akasema. "Yule wa kofia njo bwana arusi."

Nikatafuta pa kukaa. Kiti kilikuwepo, lakini sikukitaka tena.

"Marcellin? Lakini yule ni... anaweza kuwa..."

"Ananizidi miaka mitatu. Muke yake alikufa mwaka jana. Gracien ni mutoto wa ndugu yake. Marcellin mwenyewe alikuja kwangu Sange mara mbili, mara mbili chupa ikabakia chini. Mutoto sikumuambia, nisimuharibie masomo."

"Basi walikosea njia. Walifikiri minye ni bibi ya kweli."

"Mama," akasema, na akatabasamu kwa huzuni, "walikuletea kinywaji gani?"

"Fanta."

"Bibi ya Keza ni mama yangu. Murundi wa Sange, anakunywa pombe ya ndizi toka asubuhi. Kama wangefikiri kama weye njo mama yangu, wangekuletea Fanta?"

 Walinunua Fanta kwa sababu walijua wanakwenda kwa Mwislamu. Walijua toka mwanzo. Walichokuwa wanatafuta ni mtu yeyote wa kusimama kwa jina la Keza, mwenye kiu na majivuno. Na Uvira yote, na watu wake wote hawa, wakanipata mimi.

"Jumamosi," Sévère akasema, "utasimama mbele ya watu, utasema ukweli. Na mimi nitakuwa hapa."

Jumamosi watu walijaa kama kwa matanga. Sofia alikuja na kiti chake mwenyewe. Ng'ombe alikuwa wa kweli, mwekundu, mnene, wakamfunga kwenye portail yangu. Kabla hata hatujasalimiana alikuwa ameshamaliza mboga zangu zote za lengalenga.

Nikasimama. 

"Watu wa avenue," nikasema, "minye siko bibi ya Keza. Niko mwenye nyumba tu. Yeye ni mupangaji. Nilidanganya."



"Kudanganya tulijua!" Sofia akapaza sauti. "Lakini si mpaka kwenye ng'ombe!"

Watu wakacheka mpaka wakashikana. Nikaacha wacheke, nilistahili. Nikafikiri yameisha.

Gaspard hakucheka. Akasimama na fimbo yake, akaingia salon yangu kama kwake, akaenda mpaka ukutani. Akaanza kusoma, ile sauti ya katekista, maandishi yangu ya bic nyekundu:

"Numero ine. Mugeni yeyote wa musichana atapita kwanza kwa Koko, atakaa, atasema anataka nini." Akageuka. "Mama, sisi ni wageni. Tulipita kwako. Tukakaa. Tukasema tunataka nini. Weye ukakunywa. Wapi tulikosea?"

Watu wakaguna. Hata mimi niliona kama anasema kweli.

"Bibi ao si bibi," akaendelea, "mutoto analala kwa nani? Chini ya bati ya nani? Mwenye kumulaza na kumupokelea wageni, huyo njo muzazi wake pa muji. Na muzazi alishakunywa."

"Minye niko muzazi wake," Sévère akasema, "na sikukunywa."

"Weye uko Sange, baba. Kinywaji kilinyweka hapa." Gaspard akainua fimbo akaonyesha chumba cha tatu. "Lakini sisi hatuko watu wabaya. Kama mama anasema ukweli, kama mutoto hana undugu na huyu mama, basi wasilale tena chini ya bati moja. Hata leo. Vitu vitoke inje, sisi tukiona. Hapo tutafungua ng'ombe wetu, tutaenda, na hatutarudia. Nimesema mbele ya wote."

Nikamtazama Sévère anipinge. Akainamisha kichwa.

"Njo vile iko kwetu," akasema kwa sauti ndogo. "Wasiolala chini ya bati moja, kinywaji cha mumoja hakimufungi mwingine."

Nikaelewa. Niking'ang'ania Keza, anaolewa. Nikimtoa, yuko huru, lakini yuko barabarani na vitabu vyake, wiki mbili na siku kidogo kabla ya défense. Vyumba vya karibu na institut vimejaa mpaka kwenye veranda. Na kutoka Sange kila siku, kwa barabara ile, hata gari halifiki kwa wakati.

"Koko, musihangaike," Keza akasema. "Nitatoka."

Akaingia chumbani. Mlango aliuacha wazi. Tukamwona anakusanya karatasi zake kitandani, moja moja, anazipanga kwa numero. Kisha akapanda kwenye stuli, akaanza kufungua chandarua.

Wasomaji, mimi chandarua nimekifungua mara kumi na moja. Mara kumi na moja katika ile miaka thelathini na minane mwenye nyumba alisimama mlangoni akaniambia nitoke, huyu kwa sababu mwanawe anaoa, yule kwa sababu ndagala zinanuka. Najua vile mikono inavyofanya. Inakunja vizuri kuliko siku zote, ili watu wasione inatetemeka.

Mikono ya Keza ilikuwa inakunja vizuri sana.

"Gaspard," nikaita.

"Mama."

"Ulisema tusilale chini ya bati moja?"

"Nilisema."

"Nani atoke, ulisema?"

Akageuka kumtazama Marcellin.  

"Hakusema!" Sofia akaruka kwenye kiti. "Minye nilikuwa hapa! Hakusema nani!"

Nikaingia chumbani kwangu, nikakunja godoro, nikalitia kichwani. Ningependa kuwaandikia kwamba nilitoka kama malkia. Nilinasa. Godoro lilikataa mlango, mimi nikakataa kuliachia, tukabaki hapo, kama kwa Fiston, mpaka Sofia na wanawake wawili wakatuvuta sote wawili nje kwa kishindo.

"Koko, muko munafanya nini?" Keza analia juu ya stuli.

"Funga chandarua yako. Ukishuka pale, minye na weye tutagombana." Nikamrushia funguo. "Nyumba ni yako mpaka défense. Usiku ufunge portail. Na Gracien akija kuazima daftari, umupige nalo."

Sévère alikuwa wa kwanza kucheka. Kicheko kile kilimtoka na machozi, akajifuta kwa mkono wenye sugu. Kisha akaenda kwenye portail, akashika kamba ya ng'ombe, akampa Gaspard mkononi.

"Ulisema mbele ya wote," akamwambia.

Gaspard akatazama watu. Watu wakamtazama. Akaipokea kamba. Avenue nzima ikapiga vigelegele, na Keza akashuka kwenye stuli, akaja akapiga magoti mlangoni pangu, yaani mlangoni pake.

Nami nikatoka. Miezi mitano mwenye nyumba, nimerudi palepale, barabarani, godoro kichwani, bila kujua ninalala wapi. Sofia chumba chake kimoja kina watoto sita. Wanangu wako mbali, na yeyote nitakayempigia simu ataniuliza "Mama, umefanya nini tena?"

Nimepita nyumba mbili tu, nikasikia nyuma yangu hatua za mtu mzima anayejitahidi kwenda haraka.

"Mama."

Nikageuka pamoja na godoro. Marcellin. Peke yake. Kofia ameishika kifuani, na nyuma yake ng'ombe anakuja, kamba iko mkononi mwake. Ndiyo mara ya kwanza nasikia sauti yake. Ni sauti nzuri, kwa bahati mbaya.

"Unaenda kulala wapi?"

"Haikuhusu, baba."

"Ni kweli." Akafikiri kidogo, hana haraka. "Lakini minye niko na nyumba ya bati. Vyumba vitatu. Mwanafunzi hata mumoja hayuko."

"Nenda kwako, muzee. Avenue yote iko inatuangalia."

Ilikuwa inatuangalia kweli. Sofia alikuwa amekwisha kuhamisha kiti.

Marcellin akasogea hatua moja, akaweka ile kamba ya ng'ombe juu ya mkono wangu ulioshika godoro, taratibu, kwa mikono yake miwili.

"Mama," akasema, "Fanta ulishakunywa."